UCHUNGUZI WA KIINI CHA JENERETA KUBWA
Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Umeme wa gridi unaotumika Unguja huvuka bahari kutoka Tanzania Bara, ambako majenereta makubwa huuzalisha, yakiwemo ya Kidatu na ya Bwawa la Julius Nyerere. Wananchi wanakumbuka njia hiyo ya baharini ilipoharibika: takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Jenereta nayo ina mahala pake pa hatari.

Mahala hapo ni kiini cha steta, yaani sehemu isiyozunguka. Kiini si pande moja la chuma, bali ni maelfu ya mabati yenye unene wa nusu milimita au pungufu, yaliyopakwa vanishi ili umeme usipite kutoka bati hadi bati. Kwa nyuma, mabati hayo kwa kawaida hugusana kwenye vyuma vinavyoyashikilia. Kwa hiyo mkwaruzo upande wa mbele, unaotokana na kifaa kilichoanguka au rota iliyogusa, huweza kukamilisha mzunguko. Mkondo hupita, joto hupanda, vanishi ya jirani huungua, na mwishowe chuma huweza kuyeyuka.

Uchunguzi hufanywa kwa njia mbili, mashine ikiwa imesimama na, kwa kawaida, rota imetolewa.

Kwanza, waya mnene huzungushwa kwenye kiini na kupewa umeme mwingi, hadi nguvu ya sumaku ikaribie ile ya kazini. Kamera ya joto huonyesha penye hitilafu. Mahala panapozidi jirani zake kwa nyuzi 10 za Selsiasi hivi huhesabiwa kuwa pabovu. Njia hii huhitaji umeme mkubwa na uangalifu mkubwa, kwani huweza kudhuru watu na kuongeza ubovu uliopo.

Pili, ni njia iliyobuniwa Uingereza katika miaka ya 1970. Hutumia asilimia 4 tu ya nguvu ya sumaku ya kazini, na soketi ya kawaida mara nyingi hutosha. Koili ndogo hupitishwa juu ya meno ya kiini, na kipimo kinachozidi miliampea 100 hufuatiliwa.

Ubovu ukigunduliwa mapema, mabati hutenganishwa, vipande vyembamba vya maika hutiwa kati yake, vanishi hupakwa, kisha kipimo hurudiwa. Ukichelewa, huenda kiini kizima kikajengwa upya, kazi ya miezi mingi.

Watumishi wanaotunza kumbukumbu za mitambo wanakumbushwa kuwa kipimo cha leo hupata maana kikilinganishwa na cha miaka iliyopita; jalada lililopotea ni hasara. Wananchi nao wanaombwa kuelewa kwamba mashine inayosimamishwa kwa mpango hurudi kazini kwa siku inayojulikana. Iliyoungua haina siku.