Mbio za Kungojana

Somo: Yohana 20:1-10

 

Alfajiri, maji yakiwa yamekupwa, mchanga wa Diani huwa mgumu, wafaa kukimbilia. Huko, na kando ya barabara ya Ukunda kwenda Msambweni, twaona vikundi vya watu wakikimbia pamoja. Hawana katibu wala mweka hazina. Mmoja ni mpishi wa hoteli, mwingine mvuvi, mwingine mwalimu. Wamo Wadigo na Wakamba, Waislamu na Wakristo. Majuma machache yakipita, utawasikia wakiulizana, "Mbona fulani haonekani?" Na jioni humwendea kumjulia hali.

Ndugu zetu, jambo hilo si dogo. Agosti 1997 tuliona mbio za namna nyingine. Vurugu zilianza Likoni, zikaenea hata Kwale. Watu waliuawa, na maelfu ya waliotoka bara waliyakimbia makao yao. Jirani alimkimbia jirani. Siasa na ardhi zilikuwamo, lakini wazee pia walisema: asiyekujua hakuthamini. Ni vigumu kumfukuza mtu ambaye jana mlikunywa naye maji njiani.

Katika somo letu, Petro na mwanafunzi mwingine walikimbia pamoja kwenda kaburini. Yule mwingine alikuwa mwepesi, akafika mbele. Lakini hakuingia. Aliinama, akachungulia, akabaki nje mpaka Petro akafika, akatangulia kuingia. Ndipo naye akaingia, akaona, akaamini. Mbio zake hazikumpunguzia kitu kwa kumngojea mwenziwe.

Hata Eliud Kipchoge, alipokimbia kilomita 42 na zaidi kwa muda usiotimia saa mbili huko Vienna mwaka 2019, wenzake wengi walipokezana kumsindikiza.

Je, sisi twamngojea nani? Pengine kanisani twajuana sote, na jirani tunayepakana naye ukuta hatujui hata jina lake. Juma hili na tumwulize. Asipoonekana, tumtafute. Asiyeweza kukimbia, na atembee, ila asiende peke yake.

Na tuombe. Ee Bwana, utupe miguu ya kumfikia jirani, na subira ya kumngojea aliye nyuma. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.