Wapiga Muziki Njiani Katika Baridi Kali
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi)



Kabla hatujaingia katika hoja ya saa za safari, twaomba mtusikilize kidogo juu ya watu ambao wengi hawawahesabu kuwa wafanya kazi, yaani waimbaji na wapiga gitaa. Wapo wasemao kwamba muziki ni mchezo, na mwenye kucheza hana haki ya kulalamika kuwa amechoka. Basi sikieni habari za vijana wa Marekani wa mwaka 1959, kisha mpime wenyewe.

Mwezi wa Januari mwaka huo waimbaji wenye sifa walikusanywa na kampuni ya kupanga maonyesho, wakapangiwa safari iliyoitwa Winter Dance Party. Alikuwamo Buddy Holly wa Texas, miaka 22. Alikuwamo Ritchie Valens wa California, mtoto wa wazee wenye asili ya Mexico, miaka 17 tu. Alikuwamo J.P. Richardson, aliyeitwa The Big Bopper, miaka 28, na Dion pamoja na kundi lake la Belmonts. Buddy Holly alikuwa amekwisha kuwa na jina kubwa, lakini fedha zake zilikuwa zimezuiliwa kwa ugomvi na meneja wake wa zamani, na mke wake alikuwa mja mzito. Akaenda kwa kuwa alihitaji fedha, kama sisi sote tuendavyo.

Safari ilianza Milwaukee tarehe 23 Januari: miji 24 kwa siku 24. Sasa sisi wa reli tuna jicho la ratiba, na ratiba ile ikitazamwa juu ya ramani inatia hasira. Tarehe 30 Januari walipiga Fort Dodge, katika jimbo la Iowa. Tarehe 31 wakapelekwa kaskazini mpaka Duluth, katika Minnesota. Tarehe 1 Februari Green Bay, upande wa mashariki, katika Wisconsin. Tarehe 2 wakarudishwa Iowa ile ile, katika mji wa Clear Lake, ulioongezwa kujaza siku iliyokuwa wazi. Safari za maili 300 na zaidi, usiku, kisha jioni wapande jukwaani wakicheka. Wala hapakuwa na wapagazi. Vyombo vyao walivipakia na kuvipakua wenyewe.

Aliyepanga mambo hayo alikuwa ofisini. Hakupanda basi.

Na basi lenyewe! Yalikuwa mabasi makuukuu, na kwa siku 11 za kwanza walibadilishiwa mabasi matano, kwa kuwa kila moja liliharibika. Chombo cha kutia joto nacho hakikufanya kazi. Ndugu waliowahi kukesha Timboroa, ambako reli inapita juu ya futi 9,000, wanajua baridi inavyoingia mpaka mfupani. Lakini baridi ya Timboroa ni mtoto kwa ile. Kule maji huganda yakawa jiwe, na katika siku zile joto lilishuka karibu nyuzi 30 chini ya sifuri. Vijana wa Texas na California, watu wa jua, hawakuwa na nguo za kutosha hali kama hiyo.

Baada ya kutoka Duluth, usiku wa manane, basi likafa njiani karibu na mpaka wa Wisconsin na Michigan, theluji pande zote. Wakachoma magazeti katikati ya basi, kwenye njia ya kupita abiria, wapate joto. Mpiga ngoma wa Buddy Holly, Carl Bunch, aliganda miguu hata akalazwa hospitali katika mji wa Ironwood. Onyesho la mchana la Appleton likafutwa. Waliobaki walifika Green Bay kwa treni (na hapo ruhusuni sisi wa reli tutabasamu kidogo), na jioni wakapiga muziki kama kawaida.

Walipofika Clear Lake, katika ukumbi wa Surf Ballroom, Buddy Holly alikuwa amechoka na basi. Akakodi ndege ndogo katika mji wa jirani, Mason City, impeleke Fargo, ili alale kitandani na kufua nguo kabla ya onyesho la Moorhead, mahali pa maili zaidi ya 300. Angalieni mtu mashuhuri anavyotafuta mahali pa kufua nguo! Nauli ilikuwa dola 36 kila mtu. Nafasi za abiria zilikuwa tatu. Richardson alikuwa na homa ya mafua, basi Waylon Jennings, aliyepiga gitaa la besi, akamwachia nafasi yake. Ritchie Valens na mpiga gitaa Tommy Allsup walirusha sarafu, Valens akashinda.

Ndege iliruka karibu saa saba usiku, tarehe 3 Februari, ikaanguka katika shamba la mahindi maili chache kutoka uwanjani. Wote watatu walikufa, pamoja na rubani Roger Peterson, miaka 21.

Wachunguzi wa serikali walisema rubani hakuwa na cheti cha kurusha ndege kwa kutegemea vyombo peke yake, na tena hakupewa habari zote za hali mbaya ya hewa. Hatubishani nao. Watu wengine husimulia ile sarafu tu, kana kwamba bahati ndiyo iliyowaua. Sisi twauliza kwa nini mtu mwenye homa ale hasara ya dola 36, apande ndege ndogo usiku wa theluji, wakati basi la bure lipo mlangoni. Alilikimbia basi. Walimlipa kwa saa moja jukwaani, na saa kumi za barabarani hazikuwa za mtu yeyote ila zake mwenyewe.

Jioni ile ile onyesho la Moorhead lilifanyika. Kijana wa Fargo, Bobby Vee, miaka 15, aliitwa na kundi lake kujaza pengo. Carl Bunch alitoka hospitali akawafuata wenzake, na safari ikaendelea mpaka 15 Februari.

Bwana Mwenyekiti, hoja iko katika karatasi mliyogawiwa: saa za kupelekwa kazini mbali na kituo zihesabiwe kuwa saa za kazi, na chombo cha kutusafirishia kikaguliwe kabla hakijaondoka. Ndugu wa karakana wameinua mikono, waanze wao.