Altrasaundi na Gegedu la Goti: Kipimo cha Kuthibitisha, Si cha Kuondoa Shaka

Hoja yangu jioni hii ni kwamba altrasaundi inastahili kutangulia vipimo vingine pale tunapotaka kulijua gegedu la goti, ila kwa sharti. Ikionyesha kwamba gegedu limeharibika, tuiamini. Isipoonyesha, tusimwambie mgonjwa kwamba goti lake ni zima. Wanaoipigia debe altrasaundi hulisahau sharti hilo. Wanaoibeza hawakumbuki kingine.

Gegedu ni tabaka laini, lenye unene wa milimita 2 hadi 4 katika sehemu nyingi za goti, linalofunika ncha za mifupa zisisuguane. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwa kukosa damu, likishaharibika ni vigumu kurudia hali yake. Mwanaanatomia William Hunter alilieleza jambo hilo mbele ya Royal Society ya London mwaka 1743, na hadi leo hajakanushwa. Kwa kukosa mishipa ya fahamu, hulika kimya kimya, na maumivu yanapokuja hutoka kwenye mfupa ulio chini yake au kwenye utando wa kiungo uliovimba. Ndiyo maana huwezi kulipima gegedu kwa ukali wa maumivu. Nayo eksirei tuliyoizoea hailioni gegedu lenyewe. Inachopima ni nafasi kati ya mifupa, na katika nafasi hiyo zimo pia meniski, vile vipande viwili vyenye umbo la hilali vinavyokaa kati ya mfupa wa paja na muundi. Meniski ikisukumwa nje ya mahali pake, nafasi hupungua hata kama gegedu bado lipo.

Altrasaundi hulitazama gegedu moja kwa moja. Mgonjwa hulala chali na kulikunja goti kadiri awezavyo, nyuzi 120 au zaidi. Mkunjo huo ndio siri ya kazi nzima, kwa kuwa pia ya goti huteremka na kuuacha wazi mfereji wa mfupa wa paja ambao mguu ukinyooshwa hufichika. Proba bapa, yaani kichwa cha mashine kinachogusa ngozi, ikiwekwa kwa kukingama juu ya pia, kwenye skrini hutokea utepe mweusi uliopinda, wenye mstari mweupe mwembamba kwa juu na mstari mweupe mzito kwa chini, ambao ni mfupa. Weusi unatokana na maji, maana sehemu kubwa ya gegedu ni maji. Uharibifu unapoanza, mstari wa juu hupoteza makali na utepe huingiwa na ukijivu. Baadaye utepe hupungua unene, kwanza kwa chini ya nusu, kisha kwa zaidi ya nusu, na mwisho mfupa hubaki mtupu. Lakini proba ikiinama kidogo tu, mstari wa juu hufifia hata kwenye gegedu zima, na asiye makini ataandika ugonjwa usiokuwepo.

Mwaka 2012 watafiti wa Finland, Simo Saarakkala na wenzake, walichapisha matokeo ya wagonjwa 40 ambao magoti yao yalipimwa kwa altrasaundi na kukaguliwa kwa kamera iliyoingizwa ndani ya kiungo. Palipoonekana uharibifu kwenye altrasaundi, kwa kawaida kamera nayo iliukuta. Pasipoonekana, mara nyingi kamera iliukuta vilevile. Sababu haina fumbo: sauti haipenyi mfupa. Upande wa nyuma wa pia ya goti, na sehemu kubwa ya gegedu la muundi linalobeba uzito wa mwili, hubaki gizani hata mbele ya fundi hodari.

Wapo watakaosema kipimo hiki kinategemea mno mkono wa mpimaji. Ni kweli, na dawa yake ni mkao mmoja unaofuatwa na wote, madaraja yanayokubalika na picha zinazohifadhiwa ili mwingine azikague. Wapo watakaosema MRI ni bora, na katika kuliona gegedu zima hilo halina ubishi. Lakini MRI ziko katika hospitali chache, nyingi zikiwa za miji mikubwa. Huko wilayani hakuna cha kuchagua kati ya altrasaundi na MRI. Kuna altrasaundi au kubahatisha.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama hakuna dawa iliyothibitika kulirudisha gegedu, kupima kuna faida gani? Nakubali kwamba mzee mwenye goti linalouma anaweza kuanzishiwa mazoezi na kupunguza uzito bila picha yoyote. Sitetei kumpima kila mtu. Lakini goti lililovimba ni jambo jingine: fuwele za gauti hutanda juu ya uso wa gegedu, ilhali zile za kalsiamu pairofosfeti hukaa ndani yake, na tiba za magonjwa hayo mawili hazifanani. Tena, wagonjwa wetu huuziwa dawa za “kuongeza ute wa goti”, na baadhi ya wauzaji hudai kwamba zinaotesha gegedu. Anayedai hivyo aonyeshe unene wa utepe kabla na baada ya dawa yake.

Kikwazo kikubwa ni proba. Altrasaundi nyingi za vituo vyetu zilinunuliwa kwa ajili ya wajawazito. Proba yake iliyopinda, ya megahezi 3.5, hutoa wimbi lenye urefu wa milimita 0.44 hivi, ilhali proba bapa ya megahezi 12 hutoa wimbi la milimita 0.13. Wimbi likiwa fupi, picha huonyesha mambo madogo zaidi, na katika tabaka la milimita 2 tofauti hiyo si ndogo. Kwa hiyo naziomba kamati za manunuzi za hospitali zetu ziagize proba bapa pamoja na mashine yenyewe, na nawaomba wapimaji waandike katika kila ripoti ni nyuzi ngapi goti lilikunjwa, na ni sehemu zipi za gegedu ambazo hazikuonekana.