Kukopa Harusi, Kulipa Matanga: Tuzijue Kadi, Riba na Madeni Yetu

(Mada iliyotolewa na mwanachama, ofisa mikopo mstaafu, kwenye mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya bweni la wasichana, Dar es Salaam)



Mhazini ametusomea taarifa, na sote tumesikia kwamba ahadi nyingi za mwaka jana bado ni ahadi. Wapo wanaonong'ona kuwa siku hizi watu wa kwetu wamekuwa wabahili. Mimi sikubali. Nimekaa dirisha la mikopo miaka mingi na nimeona mishahara ya watu. Mtu anaahidi kwa moyo safi, lakini mshahara unapoingia umekwishagawanywa: benki imekata, kampuni ya mikopo imekata, na simu nayo imekata kabla hajanunua hata vocha. Kinachobaki hakitoshi unga, sembuse mfuko wa saruji wa bweni. Kwa hiyo leo kuzungumza madeni ya wanachama ni kuzungumza bweni lenyewe.

Kadi ni mbili, tusizichanganye

Tuanze na kadi, maana vijana wetu wengi sasa wanazo. Kadi ya kawaida ya benki, ile tunayotolea fedha kwenye ATM, inachukua fedha yako mwenyewe. Ikiisha, mashine inakataa. Kadi ya mkopo ni kitu kingine. Ukinunua nayo, benki inakulipia, na wewe unadaiwa. Baadhi ya benki zetu hapa nchini huitoa, na kwa ndugu zetu walioko Marekani na Uingereza ni kitu cha kila siku. Huko hata kupangisha nyumba kunategemea jinsi mtu alivyolipa madeni yake ya nyuma.

Kadi hii si mbaya kwa asili yake. Kwa kawaida mwisho wa mwezi unaletewa hesabu na kupewa siku kadhaa za kulipa. Ukilipa yote ndani ya siku hizo, kwa manunuzi hutozwi riba. Mwenye nidhamu anaitumia mwaka mzima bila kumpa benki riba hata senti moja.

Mtego uko kwenye mstari mdogo unaosema "malipo ya chini". Tuseme unadaiwa shilingi 1,000,000, riba ni asilimia 2 kwa mwezi, na unaruhusiwa kulipa 25,000 tu. Mwezi wa kwanza riba ni 20,000. Ukilipa 25,000, deni limepungua kwa 5,000. Ukiendelea hivyo bila kununua kitu kingine hata kimoja, utalipa kwa miezi 82, yaani karibu miaka saba, na jumla utatoa zaidi ya 2,000,000. Ukipandisha malipo hadi 50,000, unamaliza kwa miezi 26 na kutoa kama 1,290,000. Ukilipa 100,000, unamaliza ndani ya mwaka na kutoa kama 1,130,000. Deni ni lile lile na riba ni ile ile. Tofauti ni kiasi unacholipa kila mwezi.

Marekani walilitazama jambo hili mpaka wakalitungia sheria mwaka 2009. Tangu hapo, hesabu ya kadi lazima imwambie mteja itamchukua muda gani kumaliza deni akilipa malipo ya chini tu, na atatoa jumla ya kiasi gani. Ndugu zetu mlioko huko, kisanduku hicho kiko kwenye karatasi yenu ya kila mwezi. Kisomeni. Na msitoe fedha taslimu kwa kadi ya mkopo ili kutuma nyumbani, hata kama ni msiba. Kwa kawaida fedha taslimu hutozwa ada papo hapo, na riba yake huanza siku ile ile bila kusubiri mwisho wa mwezi. Ni afadhali utume kidogo ulicho nacho. Sisi huku tutaelewa.

Simu imekuwa kadi yetu

Wengi hapa mnasema moyoni, "Mimi sina kadi ya mkopo, hayanihusu." Toa simu yako mfukoni. Ule ujumbe unaosema umestahili kukopa kiasi fulani, jibu sasa, ni kadi ya mkopo isiyo na plastiki.

Mwaka 1958 Bank of America ilituma kadi za mkopo takriban 60,000 kwa wakazi wa mji wa Fresno, jimbo la California, bila wao kuziomba. Mkopo uliwafuata watu mlangoni. Leo unatufuata kitandani saa sita za usiku.

Tufanye hesabu. Umekopa 100,000 kwa siku 14. Ada ya 10,000 inakatwa kwanza, unapokea 90,000, na baada ya wiki mbili unarudisha 100,000. Unaona ni 10,000 tu, bei ya kuku. Lakini mwaka una wiki mbili 26. Anayelipa na kukopa tena siku hiyo hiyo mwaka mzima anatoa ada ya 260,000 kwa sababu ya kutumia 90,000 ambazo kila mara ni zile zile. Kwa fedha hiyo angekuwa na 90,000 zake mwenyewe karibu mara tatu.

Zipo pia programu za mikopo zisizo na leseni. Ukiipakua inaomba ruhusa ya kuona majina yote yaliyo kwenye simu yako. Ukichelewa siku moja, mkwe wako, mchungaji wako au shehe wako, na mkuu wako wa kazi wanatumiwa ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ipo kupokea malalamiko. Kudaiwa si kosa la jinai, na hakumpi mtu haki ya kukuvua nguo hadharani.

Asilimia tatu si sawa na asilimia tatu

Jambo hili hata wasomi wetu linawapita. Wakopeshaji wawili wanakwambia riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Unakopa 1,200,000 kwa mwaka mmoja.

Wa kwanza anatoza riba kwenye kiasi kilichobaki. Kadiri unavyolipa, riba inashuka. Rejesho lako la mwezi ni kama 120,550, na riba ya mwaka mzima ni kama 246,700.

Wa pili anatoza riba kwenye kiasi ulichokopa mwanzoni, mpaka siku ya mwisho. Kila mwezi riba ni 36,000, hata ule mwezi wa kumi na mbili ambao umebakiza 100,000 tu. Rejesho ni 136,000 na riba ya mwaka ni 432,000. Ukimpima huyu kwa kipimo cha yule wa kwanza, riba yake inazidi kidogo asilimia 5 kwa mwezi.

Wote wawili wamesema "tatu" na hakuna aliyesema uongo. Kwa hiyo usiulize asilimia peke yake. Uliza hivi: "Nitapokea mkononi shilingi ngapi, na mpaka siku ya mwisho nitakuwa nimerudisha jumla shilingi ngapi?" Toa kidogo kwenye kikubwa. Jibu hilo ndilo bei ya mkopo, na ada ya fomu, bima na faini vyote vimo ndani yake.

Kausha damu

Walimu na wauguzi wetu, hili ni lenu. Yuko mkopeshaji anayekaa jirani na benki, hataki dhamana ya nyumba wala mdhamini. Anataka kadi yako ya ATM na namba ya siri. Mshahara ukiingia, yeye ndiye wa kwanza kwenye mashine, anachukua chake na kukupa masalia. Masalia hayatoshi, unakopa tena kwake. Nimewafahamu watu wazima, wenye vyeti, ambao walikaa miaka bila kuishika kadi yao. Kadi na namba ya siri ni mlango wa nyumba yako. Havikabidhiwi mtu. Ukiwa umekwisha kukabidhi, nenda benki kesho asubuhi, kadi ifungwe na utoe mpya, kisha ukae na anayekudai mkubaliane marejesho kwa maandishi na risiti.

Na wenye mashamba ya tangawizi na migomba kule milimani, angalieni hati mnazosaini. Nyumba ya familia haiwekwi rehani kisheria bila ridhaa ya mwenza. Mama, ukiletewa karatasi usaini huku sufuria iko jikoni, mwambie akaisome mtu mwingine kwanza. Kumdhamini mtu nako si kumfanyia adabu. Ukisaini udhamini umesaini deni.

Tukope wapi basi?

Sisemi tusikope. Wapo walioinua nyumba na kusomesha watoto kwa mkopo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewapanga watoa huduma katika madaraja manne: benki na taasisi zinazopokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii kama VICOBA. Kila mmoja anatakiwa kuwa na leseni au usajili. Omba uione kabla hujaonyesha kitambulisho chako.

Halmashauri nazo zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vyetu vya Same viandikishwe na kuandika maombi yaliyonyooka. Hapa ndipo wasomi wa chama hiki mnaweza kuchangia bila kutoa shilingi: kaeni na kikundi kimoja, mkiandikie mpango wa biashara.

Ukiona umeonewa na benki au mkopeshaji mwenye leseni, peleka malalamiko kwake kwanza kwa maandishi. Usiporidhika, nenda Benki Kuu. Weka nakala ya kila karatasi.

Aliyekwisha kuzama

Najua wamo humu ukumbini, na sitamtaja mtu. Leo usiku andika madeni yako yote kwenye karatasi moja: nani anakudai, kiasi gani, riba gani, mwisho lini. Usimfiche mwenzako wa ndoa. Deni linalofichwa ndani ya nyumba hukua haraka kuliko riba. Acha kukopa huku ili ulipe kule. Lipa kila mahali kile kinachotakiwa, na shilingi yoyote ya ziada ielekeze kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote mpaka life, kisha hamia linalofuata. Ukiona hutaweza kulipa mwezi huu, mfuate mkopeshaji kabla tarehe haijafika. Anayekuja mwenyewe husikilizwa, anayezima simu hufuatwa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, wala hawakusema kukimbia.

Ndiva na bweni

Wazee wetu hawakuwa na benki, lakini waliijua hesabu ya kiangazi. Walijenga ndiva kwa msaragambo. Usiku, watu wamelala, maji ya mfereji yalikuwa yanajaa taratibu. Asubuhi ndiva ilifunguliwa, kila mtu akamwagilia kwa zamu yake. Kila nyumba hapa inahitaji ndiva yake: akiba ndogo inayojaa kimya kimya, ili mtoto akiugua usiku usikimbilie kwenye ujumbe wa simu. Anza na kiasi ambacho hakitakuuma, lakini kiingie kila mwezi kabla hujaanza matumizi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nina maombi mawili. La kwanza, kila mkutano wetu mkuu uwe na nusu saa ya elimu ya fedha, na somo hili lifikishwe kwa wanafunzi wa sekondari kule nyumbani kabla simu ya kwanza haijafika mkononi mwao.

La pili linaweza kumshangaza Mhazini. Naomba mtu yeyote asikope ili atimize ahadi ya harambee. Tukilaza wasichana wetu kwenye bweni lililojengwa kwa kausha damu, tumeinua ukuta huku na kubomoa nyumba kule. Fomu ya ahadi ya mwaka huu ina nafasi ya kulipa kila mwezi. Mwenye 5,000 aandike 5,000. Kwa mwaka ni 60,000, haina riba, na inalala salama. Mabinti zetu wanatembea kilomita nyingi milimani kwenda na kurudi shuleni, wengine gizani. Watafurahia zaidi 5,000 inayofika kuliko milioni inayotajwa kwenye kipaza sauti na kuishia hapo.

Ahadi ni deni. Tuahidi tunachoweza, na tulipe tulichoahidi.