Siku za Mionzi: Maneno Yetu kwa Akina Mama wa Kikundi



Tumepewa nusu saa tu. Sisi tuliosimama hapa tuko watano. Watatu tumetibiwa saratani ya matiti kwa mionzi, na wawili tuliwasindikiza tukalala nao huko Dar es Salaam. Kamati iliomba tueleze ugonjwa huu unaanzaje, lakini hilo tumemwachia daktari. Sisi tutasema yale ambayo mtu angependa kuyajua kabla hajapanda basi pale Kibiti.

Tuanze na neno lenyewe. Huku kwetu watu husema "kuchomwa mionzi", na mtu akisikia kuchomwa anafikiri moto. Jamani, hakuna moto. Mionzi hii ni ukoo mmoja na eksirei, ile aliyoigundua Mjerumani Röntgen mwaka 1895, ila yenyewe ina nguvu zaidi. Miaka miwili baadaye, 1897, Wajerumani hao hao walifungua hospitali pale ufukweni Dar es Salaam, na jengo lile ndipo ilipo leo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996. Kwa miaka mingi pale zilitumika mashine za kobalti. Tangu 2018 zimeongezwa mashine mpya za umeme. Kwa mgonjwa, zote ni kulala kimya kitandani na kuondoka.

Siku ya kwanza hutibiwi. Unapimwa na kuchorewa alama kifuani, ili kila siku mionzi ipige pale pale. Alama hizo zilinde kama unavyolinda daftari la hisa. Usizisugue, na zikianza kufifia usizichore mwenyewe kwa kalamu, waambie wahudumu. Baada ya hapo ni Jumatatu hadi Ijumaa, mara 15 kwa wengine, mara 25 kwa wengine. Usilinganishe hesabu yako na ya jirani yako wa benchi. Kila mmoja ana mpango wake.

Chumbani utaachwa peke yako, mlango ukafungwa. Hapo ndipo wengi huingiwa na woga. Wahudumu wanakuona kwenye televisheni na wanakusikia, hivyo ukiwa na shida sema au inua mkono wa pili. Mashine inazunguka na kunguruma, huhisi kitu. Kinachoumiza ni bega, maana unalala mkono ukiwa juu ya kichwa, na aliyefanyiwa upasuaji mkono huo haupandi kirahisi. Kwa hiyo mazoezi yaanzie nyumbani, daktari akisharuhusu. Simama karibu na ukuta, tambaza vidole kupanda juu taratibu, kila siku kidogo zaidi ya jana. Mwenzetu mmoja alikuwa akipima kwa mistari ya mkaa kwenye ukuta wa jikoni kwake, wajukuu wakimshangilia.

Vaa blauzi yenye vifungo mbele, na beba kanga mbili, moja ya kujifunika na moja ya kubadilisha. Sidiria ya kubana iache nyumbani. Wengine wetu tulitembea na kanga tu kifuani wiki zote, na hakuna aliyetucheka.

Sasa ngozi. Vijitabu vingi husema ngozi itakuwa nyekundu. Kwa rangi yetu sisi wekundu hauonekani sana. Ngozi hugeuka nyeusi tititi, inawasha, inavuta, kisha hubanduka, hasa kwapani na chini ya titi. Oga kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, bila dodoki, na ukijikausha gusagusa tu kwa kitambaa laini. Usinyoe kwapa kwa wembe. Usiweke barafu wala chupa ya maji ya moto. Jua lisikupige pale. Liwa, manjano, udi, manukato, shubiri, majani ya bibi fulani, vyote viweke kando. Hata mafuta yetu ya nazi, ambayo hapa Rufiji tunapaka tangu siku ya kuzaliwa, uliza kwanza kama upake, na saa ngapi. Tunajua wapo watakaokuletea dawa kwa mapenzi. Pokea, shukuru, usipake.

Na jambo hili tunaomba mlishike sana: ngozi huwa mbaya zaidi baada ya kumaliza, wiki ya kwanza au ya pili, wakati umesharudi nyumbani. Mtu anarudi Salale au Maparoni, majirani wanakuja kumpa pole, wanaona kifua kimebanduka, wanasema, "Wamemuunguza mwenzetu." Hapana. Ndivyo inavyokwenda, na kwa kawaida hupona baada ya wiki chache. Ila pakitoa usaha au harufu, au ukipata homa, usikae ukisubiri. Panda mashua uje kituo cha afya, na uwe na karatasi zako. Hali kadhalika kikohozi kisichoisha au pumzi fupi, hata kikija miezi baadaye, mwambie daktari kwamba ulipigwa mionzi kifuani.

Uchovu huja polepole, kwa kawaida wiki ya pili au ya tatu. Si uvivu. Kulala mchana kidogo kunasaidia, na kutembea kidogo jioni kunasaidia pia, ingawa mwili wenyewe hautaki. Kula samaki, mayai, kunde, maharage, chochote cha kujenga mwili kinachopatikana. Mwezi wa Ramadhani ukikukuta katikati ya tiba, zungumza na daktari na shehe wako mapema. Mgonjwa ana ruhusa yake.

Nywele za kichwani hazinyonyoki kwa mionzi ya titi. Zinazonyoa watu ni zile dawa za dripu. Na mionzi hii ya mashine haibaki mwilini. Ukitoka chumbani huna kitu cha kumwambukiza mtu. Mbebe mjukuu, pika, lala na mumeo. Waume mliopo hapa, tunawaona mnatazama chini, lakini lisikieni hili, maana tunajua mama aliyehamishiwa mkeka jikoni kwa hofu ya bure. La kuepuka ni mimba wakati wa tiba, na hilo lizungumzeni na daktari wote wawili.

Tunafika kwenye fedha, ambako ndiko mambo huharibikia. Kwa nini tiba hukatwa vipandevipande vya kila siku? Kwa sababu nyama nzima hujirekebisha kati ya siku na siku, na seli za saratani hazijui kujirekebisha vizuri. Ukikatisha wiki nzima, unazipa nafasi ya kuota tena. Sasa mama anayetoka delta anangoja maji yajae ndipo mashua itoke, anafika Nyamisati, anatafuta gari hadi barabara kuu, kisha Mkuranga, Mbagala Rangi Tatu, na bado daladala za mjini. Hawezi kurudi kila Ijumaa. Masika ni balaa zaidi. Mafuriko ya Aprili 2024 mnayakumbuka. Hivyo basi lazima akae Dar wiki tatu mpaka tano, ale, alale, apande daladala mara mbili kwa siku. Tunamjua mwenzetu mmoja, hakuwa wa kikundi hiki, aliyerudi nyumbani baada ya siku ya 9. Hakushindwa na maumivu. Nauli ilikwisha, na mpunga ulikuwa unaliwa na ndege. Hatunaye tena.

Ukiishiwa, usiondoke kimyakimya. Pale hospitali yupo afisa ustawi wa jamii. Mwone siku ya kwanza, ukiwa na barua ya serikali ya kijiji. Ukikosa siku moja kwa sababu yoyote, rudi kesho yake useme, watapanga upya hesabu yako.

Lakini na sisi tuna sanduku. Katiba yetu inasema mfuko wa jamii humpa mgonjwa mara moja tu, na anayekosa kikao bila mwakilishi hupigwa faini. Hiyo ilitungwa kwa malaria na uzazi. Tunaomba, mbele ya mgeni rasmi, mkutano mkuu ujao uamue mambo matatu: mwanachama aliye kwenye mionzi apewe nauli na chakula kila wiki hadi amalize, marejesho ya mkopo wake yasimame miezi mitatu bila riba, na faini asipigwe. Tumeshapiga hesabu na mtunza hazina. Kila mwanachama akiongeza shilingi 500 kwa kikao, mfuko unabeba wagonjwa wawili kwa mwaka.

Na shamba lake tumlimie, tafadhali. Mkono wa upande uliotibiwa, hasa kama tezi za kwapani zilitolewa, unaweza kuvimba hata baada ya miaka. Kutwanga kinu kizima, ndoo ya lita 20, panga, miba, vyote aviendee polepole na asifanye peke yake. Akijikata, aoshe jeraha mara moja. Mkono ukivimba, uwe wa moto na kuuma, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Tumetengeneza mkoba. Ndani mna kanga mbili, blauzi mbili za vifungo, sabuni ya mche, kopo la maji, daftari la kuandikia siku, na namba za simu za sisi watano. Uko kwa mtunza hazina. Atakayeuhitaji, au mwenye uvimbe kwenye titi ambaye bado hajamwambia mtu, asisubiri siku ya kikao; abishe hodi hata usiku.

 Maswali yaanze na akina mama wa nyuma kule, tumeona mikono.