Milioni Moja, na Baada ya Hapo?

Habari ya shilingi milioni moja alizoahidiwa kila mchezaji wa Harambee Stars, timu yetu ya taifa, kwa kila mechi ya ushindi katika michuano ya CHAN ya Agosti 2025, mmekwisha isikia, na bao la Austin Odhiambo lililoilaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo pale uwanjani Kasarani mmekwisha lishangilia, nasi hapa Ekero, Magharibi ya Kenya, vifijo vyenu vilitufikia. Hatuwaonei vijana wale husuda. Ni wachezaji wa ligi ya nyumbani, ambako mshahara aghalabu huchelewa, na jasho lao ni halali yao. Linalotushughulisha ni hili: na baada ya hapo?

Mkumbukeni mwanasoka Joe Kadenge, mwana wa Magharibi hii hii. Aling'ara na Maragoli United, kisha na Abaluhya, ambayo leo twaiita AFC Leopards, akaivaa pia jezi ya timu ya taifa, na mtangazaji marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025, alilitangaza jina lake redioni, "Kadenge na mpira, mpira na Kadenge", hata watoto ambao hawakupata kumwona kwa macho wakawa wanajiita Kadenge kila wapatapo mpira mguuni.

Na baada ya hapo? Mtu yule aliyewainua maelfu vitini alishika usukani wa teksi mjini Nairobi kutafuta riziki, na huenda abiria aliyelikariri jina lake utotoni aliketi kiti cha nyuma, akalipa nauli, akashuka asimtambue. Mwaka 2002 aliitwa kuinoa timu ya taifa kwa muda mfupi. Kisha kiharusi kikamlaza. Alipofariki tarehe 7 Julai 2019, rambirambi za wakubwa zikamiminika, na taadhima ile ikamfikia akiwa ndani ya sanduku.

Hatusemi haya kwa ajili ya Kadenge peke yake, Mola amrehemu. Shule za upili za Kakamega na Musingu zimewatoa wachezaji wa ligi kuu miaka nenda miaka rudi, na jioni yoyote, kando ya mashamba haya ya miwa, utawakuta wavulana wawili waliogawana jozi moja ya njumu, mmoja kavaa ya kulia, mwenziwe ya kushoto. Goti la mmoja wao likivunjika, dhamana ni ya nani? Bima iko wapi? Akiba iko wapi?

Basi enyi wenye mamlaka, sehemu ya kila milioni na iwekwe akiba kwa jina la mchezaji, na bima ya matibabu iandikwe kabla ya picha kupigwa! Nanyi wazazi, klabu ikija kumtaka mwanenu, msitie sahihi kabla ya kuuliza bima. Mwulizeni mwakilishi wa wadi, mwulizeni mbunge, waulizeni viongozi wa soka wa kaunti. Ulizeni, na mkijibiwa kwa ahadi, ulizeni tena!