Daftari la Chekechea

Juzi usiku nilimkuta binti yangu wa miaka 4 amesinzia juu ya daftari, penseli ingali mkononi. Mwalimu wake wa chekechea alitaka ukurasa mzima wa herufi "b". Mama yake akaumalizia. Kesho yake daftari likarudi na alama ya vema. Nani alisahihishwa hapo?

Nilipouliza shuleni, nikajibiwa kuwa wazazi wasipoona daftari limejaa hudhani ada yao imeliwa. Kwa hiyo lawama ni yetu pia. Kule Finland mtoto huanza darasa la kwanza mwaka anaotimiza miaka 7, na kusoma anajua. Vidole vya chekechea hukomazwa na udongo na kutunga shanga.

Jana nimelirudisha daftari tupu, barua yangu ndani. Jibu bado.